Dada Yako Hakuulizwa

Mwanangu Elibariki,

Jumapili uliposimama mbele ya usharika kuaga, uliwataja watu wote. Ulimtaja mchungaji, ukawataja madaktari wa hapa Moshi na wa kule India, ukawataja wajomba zako, ukamtaja hata yule mzee wa kanisa aliyetupeleka uwanja wa ndege kwa gari lake lililokuwa linasukumwa. Mwisho ukasema, "Na mama yangu, aliyenipigania nikiwa siwezi kujipigania." Watu wakapiga makofi, akina mama wenzangu wakapiga vigelegele, na mimi nikainamia kitabu cha nyimbo nikajifanya nafuta miwani. Benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa amekaa dada yako Ndeshi na mwanawe mapajani. Hukumtaja. Hata macho yako hayakufika kule. Yeye alipiga makofi kama wengine.

Kesho unaondoka kwenda Newala kufundisha, mbali kiasi kwamba nikiumwa leo utafika keshokutwa, na kuna jambo ambalo nikikuacha upande basi kabla hujalijua utaishi nalo hivyo hivyo. Ukishanizika hapatakuwa na wa kukuambia, maana Ndeshi mwenyewe hasemi. Wewe unaamini dada yako alikataa kukupa uloto wa mifupa yake mpaka wazee walipomlazimisha. Unaamini hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia. Ni uongo, Eli. Niliutunga mwenyewe, kando ya kitanda chako, nikiwa na kikombe cha uji mkononi.

Sasa ni saa kumi jioni. Umekwenda kwa baba mkubwa kuaga na najua hawatakuachia mapema, kwa hiyo nina muda. Habari za chandarua na za vidonge na za kwenda kupimwa damu kila baada ya miezi sita sitaziandika. Umezisikia mpaka ukawa unazimalizia wewe kabla yangu. Na kwa mdomo siwezi kukuambia hili, nimejaribu tangu Jumatatu. Nikianza kusema nitalia, nikilia utanibembeleza, na tukishafika kwenye kubembelezana ukweli utakuwa umepita pembeni na mimi nitaona afadhali. Najijua.

Kuandika nimezoea. Nimekuwa katibu wa umoja wa akina mama miaka kumi na mmoja na mihtasari yangu haina doa. Lakini kwenye muhtasari hakuna mtu anayekosea. Unaandika "ilitokea hali ya kutoelewana," unaandika "ilionekana vyema jambo hili lisubiri," na kila mtu anakwenda kwake salama. Leo nitajitahidi nisiandike hivyo. Ukiona mahali nimeandika "ilitokea," ujue nimejificha hapo.

Nianze na kahawa, maana ujinga wangu ulianzia huko.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka sita. Mibuni ya upande wa juu wa kihamba, shamba letu la nyumbani, aliipanda yeye mwaka tuliooana, mashimo alichimba mwenyewe jioni baada ya kazi za watu. Unajua kwetu kihamba kinabaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, kwa hiyo toka ulipozaliwa ilijulikana ile kahawa ni yako, na mimi nikawa mlinzi. Enzi zile kung'oa mbuni lilikuwa kosa, bwana shamba alikuwa anakuja kuhesabu. Halafu soko likafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao pale Kwa Sadala, mwaka wa kwanza tukacheka, miaka iliyofuata tukawa tunapeleka magunia na kurudi na sabuni. Watu wakaanza kung'oa. Mimi nikakataa. Nilikuwa napuliza dawa kahawa isiyolipa hata hiyo dawa, na mtu akiniuliza nasema ni ya Eli, siyo yangu.

Ndeshi alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani, ana akili zake. Alinijia mara tatu. "Mama, kahawa hii inatunyonya. Tung'oe upande wa juu tupande majani, tufuge ng'ombe wa maziwa." Mara zote tatu nilimjibu neno moja, kwamba kihamba hiki si chako. Nikaenda Rombo kumzika shangazi yangu, nikakaa siku nne. Niliporudi nilikuta mibuni ya baba yako imelala mizizi juu, na Ndeshi amesimama katikati na panga, kajaa udongo mpaka magotini, anatabasamu. Alidhani nikishaona palivyokaa wazi nitaelewa.

Ulikuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na minne, umetoka shule, begi bado mgongoni. Uliyasikia niliyosema mbele ya baba mkubwa na majirani waliokuja kushangaa. Nilisema mtoto wa kike hana sauti kwenye kihamba. Nilisema ameng'oa urithi wa mdogo wake. Nikasema, "Kuanzia leo mimi nina watoto wawili."

Hilo ulilisikia. Ambalo hukuliona ni hili. Ndeshi alikwenda kukaa kwa mama yako mdogo kule Njoro, na baada ya mwezi akarudi ameshika sale kwa mikono miwili, na mke wa baba mkubwa yuko pembeni yake kama shahidi. Sale unalijua, ni lile jani la mpakani, na unajua mtu akikosana na mwenzake akaja nalo mkononi, hata kama kosa ni la kumwaga damu, linapokelewa. Halikataliwi. Tangu wazee wetu halikataliwi. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Nikamwambia, "Karudishe ulikolitoa," nikaendelea kumenya. Akaliweka kizingitini akaondoka, na mke wa baba mkubwa akanitazama akasema, "Mama Ndeshi, jambo hili sijawahi kuliona." Nikamwambia asiniite tena hivyo.

Na kweli sikuitika tena. Nilizaliwa upya jina, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa. Kila mtu hapa alikuwa ananiita Mama Ndeshi tangu mtoto wangu wa kwanza apate siku nane, na mimi nikawa nikiitwa hivyo sokoni napita kama kiziwi, mpaka wakazoea kuniita Mama Amini, kwa jina la kaka yako Aminieli. Fikiria kazi niliyowapa watu. Ndeshi akaolewa Chekereni na mkulima wa mpunga, sikwenda. Wewe ukakua na kuzoea, kwa sababu watoto huzoea wanachokikuta mezani.

Sasa ugonjwa. Ulikuwa kidato cha sita, umerudi likizo, fizi zinatoka damu ukasema ni mswaki mgumu. Nikakununulia mwingine. Ukawa na homa, tukatibu malaria mara tatu. Ukawa na madoa ya bluu mapajani, mimi nikakugombeza kwamba unapigana shuleni. Ile siku pua ilipotoka damu kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana ndipo tukaenda hospitali kubwa, na baada ya siku mbili daktari, yule mama mwembamba aliyekuwa anaongea polepole, akaniita pembeni akaniambia ni saratani ya damu. Nilimwambia damu haipati saratani, saratani ni ya matiti. Alinivumilia.

Zile dripu za kwanza unazikumbuka kuliko mimi. Ugonjwa ukatulia. Daktari akaniita tena, akanieleza kwamba damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uloto, ule tunaounyonya kwenye mfupa wa supu, na kwamba ndani ya mifupa yako kumeingia magugu. Dawa zimepalilia lakini mizizi imebaki. Dawa ya kweli ni kuwekewa uloto wa mtu mwingine, na huko ni India, na wa kwanza kupimwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Mimi nilidhani watamkata mtu mfupa. Akasema hapana, ni sindano, anayetoa anaumwa nyonga siku kadhaa anapona. Kisha akashika kalamu.

"Mama, una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Kwa hiyo ndugu yake ni mmoja."

"Ndiyo, mmoja."

Nikuambie kweli, mara ile ya kwanza neno lilitoka kwa mazoea. Miaka sita nilikuwa nalisema kwa kila aliyeniuliza, hata kwa karani wa sensa aliyepita nyumba kwa nyumba. Nilishafika kwenye ngazi za hospitali ndipo moyo ukanipiga. Nilisimama pale, watu wananipita na vyakula vya wagonjwa wao. Ningeweza kurudi. Zilikuwa ngazi kumi na mbili. Nikasema moyoni, acha kwanza wampime Aminieli, pengine atafaa na mambo yataisha kimya kimya.

Aminieli hakufaa. Damu yao ilipelekwa mbali, majibu yakaja baada ya wiki tatu. Daktari akaniuliza tena, na safari hii alikuwa amekunja uso. "Hakuna mwingine kabisa, mama? Hata aliye mbali? Hata ambaye hamwelewani?" Aliniwekea mlango wazi kabisa yule mama. Nikasema hakuna.

Umekaa ukijiuliza sasa hivi kwa nini. Na mimi nimejiuliza miaka mitano. Haikuwa hasira, hasira ilishakwisha zamani, kahawa yenyewe wakati huo kila mtu alikuwa ameshang'oa na mimi nilikuwa nafuga ng'ombe kwenye majani yale yale aliyotaka kupanda yeye. Ilikuwa woga. Ningemwendea mikono mitupu mimi niliyekataa sale. Nilijiona nimesimama mlangoni kwake Chekereni, yeye anamenya kitu, ananiambia karudi ulikotoka. Niliogopa atanifanyia nilivyomfanyia. Nilimpima kwa roho yangu mimi. Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda, na kila jioni nilikuwa nimeshapata sababu, ng'ombe, kikao, mvua. Wewe ulikuwa kitandani unasubiri na hukujua unasubiri nini.

Ndipo ukaniuliza. Nilikuwa nakunywesha uji, huna nywele, shingo imekuwa kama ya mtoto.

"Mama, dada Ndeshi amepimwa?"

Sikutegemea. Nilidhani umemsahau kama nilivyotaka umsahau. Nikasema, "Tumempelekea habari. Amesema hawezi."

"Hawezi au hataki?"

"Hataki, mwanangu."

Ukageuza uso ukutani, uji ukabaki. Na mimi nilipata nafuu, Eli. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi. Nilijisikia nafuu, kwamba sasa kuna mtu mwingine wa kulaumiwa humu ndani.

Hakukataa. Hakuulizwa. Hakujua hata kama unaumwa.

Wiki ya tisa tangu daktari aniulize mara ya kwanza, ugonjwa ukarudi. Wakakuanzishia dripu nyingine kali zaidi, ukapata maambukizi kifuani, wakakuchoma zile sindano zilizookoa kifua zikaua sikio lako la kushoto. Daktari alikuambia ni madhara ya dawa, na kweli ni madhara ya dawa. Lakini ungepata uloto mapema, ugonjwa ukiwa bado umetulia, zile sindano usingezihitaji. Unapokaa darasani na kuwageuzia wanafunzi sikio la kulia, hiyo ni kazi yangu. Siandiki hivi ili unihurumie. Ninaandika kwa sababu ni lako, una haki ya kujua lilikoenda.

Wiki ya kumi na moja, siku ya soko, Ndeshi alileta mchele Kwa Sadala. Mama mmoja muuza ndizi akamuuliza, "Mdogo wako anaendeleaje?" Akasema mdogo wangu yupi. Mchele aliuacha pale pale chini, hajauza hata kilo. Aliingia wodini saa tisa na vumbi la soko miguuni, na mtoto mgongoni, akampita mama yake mzazi kama nguzo, akaenda moja kwa moja kwa daktari. "Shikamoo daktari. Mimi ni dada yake Elibariki. Baba mmoja, mama mmoja. Nipimeni."

Daktari akanigeukia. "Mama, uliniambia mmoja."

Nikasema, "Nilisahau."

Ndiyo. Nilimwambia mtu msomi, mbele ya binti yangu wa kwanza, kwamba nilisahau nilimzaa. Ndeshi alikunja mkono wa gauni akaweka mkono wake mezani.

Wewe siku ile ulipomwona ulirudisha uso ukutani. Alikusalimia hukuitika. Nilikuwa nimesimama hapo na ningeweza kusema neno moja tu. Nikatoka kwenda kununua maji, na jioni nikakuambia ni wazee waliomlazimisha.

Damu yenu ilikubaliana kabisa, daktari alisema hata mapacha wengine hawafikii. Habari za jinsi tulivyofika India unazijua, watu walijitoa, nisirudie. Ndeshi alimwachisha mtoto ziwa kwa ghafla akamwacha kwa mama mkwe wake, na ilikuwa msimu wa kupandikiza mpunga, mumewe akabaki peke yake kwenye matope. Safari nzima mlikaa viti vinavyofuatana na hukumsemesha. Aliponda chakula chako kwa uma, ukasukuma sahani. Mimi nikala.

Siku moja asubuhi kule tulikuwa juu ya paa tunaanika nguo, jua la kule linachoma kuliko la Chekereni, na yeye ndiyo kesho yake anatolewa uloto. Akaniuliza, "Mama, Eli ananichukia nini? Ni ile kahawa bado?" Nilikuwa nimechoka mno kuanza uongo mwingine. Nikamwambia nilichokuambia. Aliacha kukamua shuka, maji yakawa yanamchuruzika kwenye kiwiko. Nilisubiri anitukane, ningeshukuru. Akasema, "Basi mwache aamini hivyo kwanza. Akijua sasa atakukasirikia wewe, na wewe ndiye unayebaki naye hapa. Mimi narudi kwa mwanangu."

Alisema kwanza. Alimaanisha mpaka upone. Mimi nikalichukua neno hilo nikalifanya miaka mitano.

Walimtoboa nyonga zote mbili. Uloto ulikuja kwenye mfuko, na mimi nilikuwa nimetegemea kitu cheupe kama cha mfupa wa supu, kumbe mwekundu kama damu nyingine yoyote. Wakautundika, ukawa unashuka taratibu saa mbili nzima, na wewe umelala. Ndeshi alikuja ameshikilia ukuta, akasimama nje ya kile kioo mpaka tone la mwisho. Hukumwona, ndiyo maana nakuambia. Baada ya siku nane akapanda ndege peke yake, anakaa upande upande, na alipofika Chekereni aliingia shambani wiki ile ile kwa sababu mpunga hausubiri.

Toka turudi amekuwa akituletea mchele na wewe umekuwa ukisema wapewe kuku. Krismasi anakuja, unakwenda kwa Aminieli. Ulipopima damu kundi likawa limebadilika, ni kundi la Ndeshi sasa, daktari akacheka akasema damu yako ukiisoma ni ya mwanamke. Ulirudi nyumbani, nilijua unawaza nini na nikakuuliza kama utakula machalari.

Kuna kosa jingine dogo niliseme kabla halijaonekana kubwa. Nimekufanya mgonjwa miaka mitatu zaidi ya madaktari. Nilikuja chuoni kwenu na chupa ya mtori mbele ya wenzako, unakumbuka ulivyopita kama hunijui. Nilikuzuia mpira, nikakuzuia kwenda na vijana mlimani. Nilipata barua ya ajira yako Newala kabla yako nikakaa nayo siku mbili. Nilikuwa nasema ni mapenzi. Sehemu ilikuwa mapenzi. Sehemu nyingine nilikuwa nataka uwe karibu ili nikuone unavyonishukuru, maana ukinishukuru nilikuwa nasahau kidogo.

Sijui kama hapa kuna funzo kwako. Utakuwa mwalimu, watoto watakudanganya kila siku, na wengi wao watakuwa wanadanganya kwa sababu moja tu, kwamba hawajui watakavyopokelewa wakisema kweli. Mtoto akikujia na kosa lake mkononi, lipokee. Hata kama uko na kazi. Mimi nilikuwa namenya ndizi, na zile ndizi sikumbuki hata nani alizila.

Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado linakutosha mkononi. Mimi ngazi kumi na mbili zilinishinda, mara ikawa miaka.

Jumanne nilikwenda Chekereni. Nilikuwa sijawahi kufika kwake, miaka yote hiyo. Nilimkuta kwenye jaruba, maji mpaka kwenye shavu la mguu. Jirani yake aliniona akaita, "Ndeshi, mama yako huyu! Karibu, Mama Ndeshi." Nikaitika. Sikwenda na sale, aliyelikataa hana uso wa kulibeba. Nilivua viatu nikaingia kwenye matope, hivyo hivyo na kitenge changu cha kanisani, nikamwambia nataka kumwambia Eli kabla hajaondoka, na kwamba mimi namwomba msamaha yeye kwanza, na asipotaka kujibu asijibu.

Nilitegemea atasema niache, ndivyo alivyo siku zote, kila mtu kwanza kisha yeye. Akainuka akajishika kiuno. "Mwambie," akasema. "Mimi nimechoka, mama. Nyonga zilipona mwezi mmoja. Jumapili nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma ili watu wasione uso wangu." Akalia pale, amesimama na miche mkononi. Mimi sikujua nimshike wapi, nilikuwa nimesahau. Nikamshika bega. Msamaha hakusema amenipa, wala hakusema amenyima. Tukapandikiza mstari mmoja pamoja halafu akaniambia viatu vyangu vitaibiwa.

Nikamuuliza kama atakuja stendi kukuaga. Akasema hawezi kuja mahali asipojua kama anatakiwa.

Mwanangu, nilipoanza barua hii nilikuwa nimepanga kuikunja na kuiweka chini kabisa ya sanduku, katikati ya mashati, uikute Newala. Huko ungekasirika mbali na mimi. Ungekuwa umeshaniaga vizuri, nimeshakufungia chakula cha njiani, nimepata machozi yangu ya stendi. Nimeandika mpaka hapa nikaona ni zile ngazi tena. Kwa hiyo ukiingia tu nitakupa mkononi, kabla hujavua koti.

Tiketi ya kesho iache ipotee. Shule haifunguliwi mpaka Jumatatu ya wiki ijayo, na mwalimu mkuu anayekusubiri anaweza kusubiri siku mbili. Kesho nenda Chekereni. Usiende kumshukuru tu, hilo hajawahi kukudai. Nenda ukamwambie kwamba umejua, na kwamba ulikuwa unamchukia kwa kosa la mtu mwingine, umtaje mtu huyo kwa jina. Kisha ukae uone kama ana neno. Mimi usinisamehe leo kwa kunihurumia kwamba nimezeeka. Zamu ya Ndeshi ilirukwa mara nyingi, sasa ni yake.

Nimesikia unamsalimia jirani pale njiani. Nawasha taa, nakaa kwenye kiti hiki hiki, upande wa sikio lako la kulia. Sitakwenda kukamua, sitakwenda kununua maji. Sasa umefika mwisho wa barua na mimi niko hapa mbele yako. Sema.

Mama yako